Siku za Mnada Jua Halitoki

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia leo jua la kata yetu litawaka kwa mujibu wa ratiba.

Tangazo hilo niliandika mimi, Bonifasi, Katibu wa Kamati ya Utabiri wa Umeme wa Jua, kwa Kiswahili nilichokinoa shule ya jioni. Wafadhili walituletea kompyuta inayojifunza. Unailisha kumbukumbu za umeme uliotoka kwenye paneli siku zilizopita, nayo inakuambia siku zijazo utatoka kiasi gani. Tuliilisha daftari la miaka miwili, lililojazwa na Mwenyekiti wetu, Bwana Kefa, kwa mkono wake mwenyewe.

Kompyuta ikatafakari, ikatoa jibu: kila Jumatano, umeme sifuri.

Jumatano ni siku ya mnada. Ndiyo siku ambayo Scola, mwenye mashine ya kusaga inayotumia umeme huo, hupata wateja wa wiki nzima. Kamati, kwa kumhurumia, ikaamuru asifungue Jumatano, mashine isije ikaungua kwa kukosa jua.

"Shikamoo, Mzee Bonifasi," alisema Scola nilipobandika tangazo mlangoni kwake.

"Marahaba."

"Na hilo linalokuchoma kipara?"

Nikamfafanulia kwamba hilo ni jua lisilo rasmi.

Jumatano tatu akina mama walirudi makwao na mtama wao kichwani. Scola akaanza kuulizia mnunuzi wa mashine.

Jumatano ya nne akaja Mhandisi Jenipher kutoka mkoani kukagua mradi. Saa sita mchana, jua la kupasua mawe, mashine ina kufuli. Nikamwonyesha utabiri. Yeye akataka daftari. Kumbe Jumatano zote zilikuwa tupu, na kompyuta ilisoma kila patupu kuwa sifuri.

"Mwenyekiti huwa wapi Jumatano?"

Nilimjibu kwamba huwa kwenye ufuatiliaji wa mifugo.

"Yuko mnadani, anafuatilia mbuzi aliyekwisha chomwa," alisema Scola. "Mama, msiitukane hiyo kompyuta. Jua hailijui, ila Bwana Kefa inamjua kuliko mkewe."

Kufuli likafunguliwa palepale.

Kompyuta imehamishiwa wilayani, idara ya utumishi, inatabiri mahudhurio ya viongozi. Mpaka sasa haijakosea hata mara moja. Bwana Kefa ameniagiza niandike tangazo kwamba utabiri wa kompyuta hiyo hauaminiki. Nimeliandika. Linasubiri sahihi yake tangu Jumatano.