Malalamiko Dhidi ya Fundi Mkunjo, Ambaye Inasemekana ni Mimi

Meza ya kukunjia namba mbili,
Kiwanda cha kufulia, upande wa mashuka safi.
Jumatano, baada ya zamu ya asubuhi.

Kwa Meneja wa Mafunzo,
Ghorofa ya juu.

Ndugu Meneja,

KUHUSU: KUFELI MARA MBILI MTIHANI UNAONIHUSU MIMI MWENYEWE

Pokea salamu kutoka huku chini kwenye mvuke. Sisi ni wazima, mashine tatu zinazunguka, na ya nne inapumzika kama kawaida yake. Mimi ndiye mkunja mashuka wa miaka kumi na tisa, yule mwenye kitambi kidogo na kalamu sikioni. Huenda sura yangu huikumbuki, lakini ukifungua kompyuta yako utaniona, maana yale mafunzo ya mtandaoni mliyoagiza yatengenezwe mahsusi kwa wafanyakazi wa kiwanda hiki yametengenezwa kwa kunitazama mimi.

Naandika kwa heshima zote, na kwa haraka kidogo, kwa sababu Ijumaa saa nne nafanya mtihani wa mafunzo hayo kwa mara ya tatu na ya mwisho. Tangazo lako ubaoni linasema atakayepata chini ya kumi na sita kati ya ishirini mara zote tatu atahamishiwa mapokezi ya nguo chafu. Mara ya kwanza nilipata tisa. Nikaenda nyumbani, nikajisomea wiki nzima, nikarudi nikapata saba.

Sina ugomvi na elimu. Hata haya machache ninayoyajua nimeyaokota mwenyewe, hili hapa lile pale, na kusoma nilijifunzia kwenye maboksi ya sabuni. Mpaka leo nikishika karatasi yoyote natafuta kwanza pameandikwa wapi "weka mbali na watoto". Mafunzo yenu hayana maneno hayo, na nadhani hapo ndipo kasoro zilipoanzia.

Miezi mitatu iliyopita alikuja dada mmoja mpole, mtengenezaji wa mafunzo, akiwa na bwana wa kamera. Alisema hataki kutuletea mafunzo yaliyonakiliwa kwa watu wengine; anataka yatutoshe sisi kama nguo ya kupimwa, kwa hiyo atakaa na mkunjaji bora siku nzima na kuandika kila anachokifanya. Kila anachokifanya, Ndugu Meneja! Ninavyokumbuka, hakuniuliza sababu ya chochote. Aliandika tu. Na yaliyotokea baada ya hapo ni haya:

1. Kugonga. Somo la kwanza linaanza hivi: "Kabla ya kukunja, Fundi Mkunjo hugonga meza mara mbili." Huyo Fundi Mkunjo ndiye katuni aliyechorwa kutokana na mimi. Nami hugonga, sikatai. Meza namba mbili ina mguu mmoja mfupi, tumeuwekea kipande cha boksi, na boksi lenyewe huteleza. Ukigonga mara mbili linarudi mahali pake. Mtihani ukauliza hatua ya kwanza ni ipi. Nikajibu kunawa mikono. Nikakosa. Sasa watu kumi na mmoja, kwenye meza tano ambazo miguu yake ni mizima kabisa, wanagonga mara mbili kwa kila shuka, na tunakunja mashuka mia sita kwa zamu. Fundi wa mashine ameshakuja mbio mara mbili akidhani beringi zimekufa.

2. Mguu. Siku ile nilivaa viatu vya shemeji yangu, kwa sababu niliambiwa kutakuwa na kamera. Shemeji yangu ni mtu mzima aliyebaki na miguu ya mtoto. Ilipofika saa tatu nilikuwa nachechemea, ilipofika saa tano nilikuwa naburuta. Somo la pili linaitwa "Mwendo Salama wa Kubeba Mashuka", na humo Fundi Mkunjo anauburuta mguu wa kushoto kutoka mezani hadi kabatini, tena anatabasamu. Juzi mteja wetu mmoja wa hoteli alikuja kukagua, akakuta chumba kizima kinachechemea, wote mguu ule ule. Akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tulipata ajali. Nikamwambia hapana, tumepata mafunzo.

3. Maneno. Hapa naomba uvumilivu wako. Siku hiyo hiyo, nikiwa nakunja, nilikuwa nazungumza na mama watoto kwa kutumia chombo fulani kilichobanwa kati ya bega na sikio, chombo ambacho sitakitaja kwa sababu kanuni ya nne ya kiwanda inakikataza mezani. Yeye alikuwa ananieleza habari ya bomba la jikoni, nami kila akivuta pumzi nasema, "Sawa mama watoto, nimesikia." Somo la tatu linaagiza kwamba kila shuka likifika mkunjo wa pili, liambiwe, "Sawa mama watoto, nimesikia." Ukishuka kwetu saa tano asubuhi utakuta watu wazima, wanaume kwa wanawake, wanayabembeleza mashuka. Dada wa pasi, tunayemwita Shangazi Mvuke, ambaye hajaolewa wala hana mpango huo, aliomba kwa maandishi aruhusiwe kusema "Sawa baba watoto". Akajibiwa kwamba mfumo haukubali.

4. Nywele. Fundi Mkunjo amepewa nywele. Amepewa na kiuno. Sina la kuongeza hapa, ila watoto wangu wamemwona na wamempenda.

5. Breki. Dereva wa gari la kukusanyia nguo tunamwita Breki, kwa kuwa ndicho kitu asichokitumia. Huyu kapata ishirini kwa ishirini. Hajawahi kukunja shuka maishani. Ukimpa anapiga fundo kama mtu anayehama nyumba. Nikamuuliza siri yake. Akaniambia, "Mzee, tatizo lako unasoma maswali. Mimi nabonyeza jibu refu kuliko yote, basi. Jibu refu mtu kalihangaikia." Cheti chake kipo kwenye dashibodi ya gari, kimeegemea kioo, na nimemsikia msimamizi kwa masikio yangu haya akimwambia kwamba nikihamishwa, meza namba mbili ni yake. Sasa kila akipita karibu yangu anapunguza mwendo, jambo ambalo barabarani halifanyi, na kusema, "Kaza, mzee. Fundi Mkunjo hakunji hivyo."

6. Nyumbani. Mke wangu, ambaye hajakanyaga kiwandani hata siku moja, alifanya mtihani wa majaribio kwenye simu huku anamenya vitunguu. Kapata kumi na nane. Swali la maneno alilijibu kwa furaha kubwa, akasema ni mara ya kwanza katika ndoa hii kupata uthibitisho wa maandishi kwamba nilimsikia. Tangu hapo sina raha. Jana natandika kitanda, kasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba watoto, mbona hujagonga?"

Nikamwambia kitanda si meza.

"Ndiyo maana unapata saba," akasema, akarudi jikoni.

7. Kiganja. Hili si lalamiko, lakini nikiliacha bila namba litaonekana dogo. Shuka likitoka kwenye mashine ya pasi huwa la moto, na shuka la moto huonekana kavu hata kama bado ni bichi. Mimi hulipitishia kiganja kwenye pindo, pale kitambaa kinapokuwa kinene, nikahesabu moja, mbili. Unyevu ukibaki mkononi, nalirudisha. Ukikosea hapo, baada ya siku mbili shuka linanuka, nayo hospitali inaturudishia mzigo mzima pamoja na barua isiyo na salamu. Miaka kumi na tisa mzigo wangu haujarudi. Katika masomo yote manane, na dakika zake zote, kiganja hakimo. Ukinitazama nikifanya hivyo utadhani sifanyi kitu. Breki akishika ile meza, atagonga vizuri, atachechemea vizuri, atayaambia mashuka yote kwamba amesikia, na yataondoka hapa yakiwa mabichi.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, nina maombi matatu, nami nayaanza na lile jepesi.

Ombi la kwanza: Fundi Mkunjo naye afanye mtihani, niutunge mimi. Hautakuwa mrefu. Shuka limetoka mashineni na soksi ya mgeni kwenye pembe: soksi hiyo unaipeleka wapi, na mwenzake yuko wapi? Shangazi Mvuke amenuna tangu asubuhi: utamjuaje kabla hujamwomba akuongezee moto wa pasi? Mashine ya nne imeanza kulia kama mbuzi: unaita fundi au unahamisha foronya zako kimyakimya? Akipata kumi na sita kati ya ishirini, nitamvulia kofia, nasi tutaona nani ana nywele.

Ombi la pili: nikifeli Ijumaa na kupelekwa nguo chafu, twende naye. Haiwezekani mimi nikae kwenye magunia huku yeye amebaki mezani kwangu anatabasamu. Achorwe upya akiwa mapokezi, avishwe barakoa na glavu ndefu, na kichwa kifunikwe.

Ombi la tatu, endapo hayo mawili yatashindikana: nihamishiwe ndani ya mafunzo, yeye atoke aje akunje. Nimekagua mazingira ya humo na nimeridhika. Hakuna joto. Meza ina miguu minne inayolingana. Mashuka yanakuja makavu, meupe, moja moja, bila haraka. Zamu ni dakika ishirini na mbili, halafu inapigwa ngoma na zinamwagika karatasi za rangi. Na mtu akikosea, kinatokea kitufe kilichoandikwa "Jaribu tena". Huku nje nimefanya kazi miaka kumi na tisa na hicho kitufe sijakiona. Sitahitaji likizo wala buti mpya. Nitaomba tu dirisha dogo, niwe naona mnavyoendelea.

Nina imani utalitazama jambo hili kwa jicho la huruma kabla ya Ijumaa saa nne.

Nisalimie katibu wako, nisalimie mlinzi wa ngazi ambaye hatuachi tupite na mabuti, na yule bwana wa mitambo ambaye kila tukimweleza tatizo anatuambia tuzime tuwashe. Huku chini wote wanakusalimu. Shangazi Mvuke anakusalimu kwa namna ambayo mfumo haukubali.

Nabaki kwa unyenyekevu, pembe kwa pembe,

Mkunja mashuka, meza namba mbili
(wa asili)

Nyongeza: Kabla sijaipandisha barua hii huko juu, yule dada wa mafunzo ameshuka kupiga picha za somo la tisa. Nikaona si vizuri kumsema mgongoni, nikamkalisha kwenye gunia la foronya nikamsomea yote, tangu salamu. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka palipostahili, kisha akafungua kompyuta yake na kuniwekea sauti aliyorekodi siku ile. Ni dakika arobaini na saba. Yeye karibu muda wote anasikika akisema maneno mawili tu, "Kwa nini?", na zilizobaki zote nazungumza mimi.

Nilimwambia kugonga meza kunaziamsha nyuzi. Nikamwambia mguu wa kushoto ukiburutwa unatuliza vumbi. Habari ya maneno aliniuliza mara tatu, nami kwa kuiogopa kanuni ya nne nikajibu kwamba sentensi ile ina urefu sawasawa na mkunjo mmoja, na kwamba nimeirithi kwa mkunjaji aliyenitangulia, ambaye naye aliirithi. Kisha anauliza, "Na hapo kwenye pindo, mkono unafanya nini?" Nami najibu, tena kwa sauti ya mtu aliyechoka kusumbuliwa, "Hapo hakuna kitu, dada, wewe andika haya ya maana." Nyuma yangu anasikika Shangazi Mvuke akicheka mpaka anakohoa.

Dada ameniomba radhi kwa kutoandika kiganja, nikampa mkono, na ameahidi somo la tisa litakuwa hilo. Lakini mtihani wa Ijumaa hautabadilika. Kwa hiyo naomba barua hii usiisome, na kama umeshaisoma, naomba uirudishe. Badala yake nipewe nakala ya ile rekodi leo hii kabla ya kutoka kazini, kwa sababu majibu yote ishirini yamo humo na mimi sikumbuki hata moja. Yule mzee anayezungumza mle ndani anaijua kazi kuliko mimi, na nikimsikiliza kwa utulivu siku hizi mbili, nadhani nitafaulu.