Ufunguo wa Chumba cha Seva

Jumatano, 24 Aprili
Wiki moja kabla ya sikukuu ya Mama wa Bahari, mungu wa hekalu letu. Seva ya hekalu imekuwa nzito. Watu wa mbali wanaoagiza kwa simu wawashiwe taa za heri wanangoja dakika nzima ukurasa ufunguke. Katibu Sih ametangaza mbele ya kamati kwamba nisipoitengeneza kufikia Jumanne, ufunguo wa chumba cha seva utatoka shingoni mwangu. Miaka sita nimeuvaa! Nimemjibu kwamba kwake hata saa ya ukutani hutengenezwa na mkewe. Kamati ikacheka. Ushindi wangu.

Alhamisi, 25 Aprili
Chanzo nimekipata. Ile pakiti ya vitafunio vya mahindi tunayoiweka juu ya seva kama hirizi imepitwa na tarehe tangu Februari! Mtoto yeyote wa hapa Lukang anajua: pakiti ya kijani, mpya, isiyofunguliwa, ndipo mashine hutulia. Dukani za kijani zimekwisha. Nimechukua ya njano. Rangi ni rangi. Kazi ya prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa asilimia sabini, sasa tisini na moja. Imepata nguvu.

Jumamosi, 27 Aprili
Sih ameiona ya njano. Kelele zake utadhani nimemwaga chai madhabahuni. Eti njano ni taa ya barabarani, mashine lazima isite. Nimemwambia nilikuwa naijaribu tu. Nimeifuata ya kijani mpaka mji wa Changhua. Nimeiweka. Bado tisini na moja. Basi nikawaita wazee kumi na wanane wa meza ya chai, kila mtu na simu yake, tuugonge ukurasa kwa pamoja mpaka ulegee. Asilimia mia! Sijaona mashine ikijituma namna ile. Kisha ikazimika.

Jumapili, 28 Aprili
Sih kamleta mpwa wake, Guat-hun, fundi wa seva huko Taichung. Mama wa watoto wawili, maneno machache, chai hanywi. Aliiwasha, akauliza ni akina nani hao kumi na tisa waliogonga kila sekunde jana. Nikakohoa. Akauliza tena, nani kaiamuru seva itafute jina la anakotoka kila mgeni kabla ya kumfungulia, na kuandika kila anachogusa.

"Mimi," nikasema. "Mgeni haingii bila kuulizwa atokako."

"Mzee, inauliza, halafu inakaa kungoja jibu. Wengi jibu lao haliji. Nje foleni imejaa. Na muda unaobaki inaandika tu. Diski nzima umejaza umbea."

Akasema hakuna binadamu atakayeusoma. Mimi nimesoma kurasa arobaini. Kuna mtu wa Keelung katazama taa ya heri ya ndoa mara tatu, akaondoka.

Akazima yote mawili, kuuliza na kuandika. Prosesa, asilimia sita. Ukurasa unafunguka kabla hujainua kidole. Nimemweleza Sih kwamba pakiti ya kijani huchukua siku moja kufanya kazi.

Jumanne, 30 Aprili
Kamati imekaa. Ufunguo kapewa Guat-hun. Nimeuvua mwenyewe, sikungoja kuvuliwa. Shingo imebaki na alama. Hakuna aliyecheka.

Kisha Sih, nadhani kwa aibu, akasema, "Mzee Tek, basi wewe shika vipaza sauti vya maandamano ya kesho."

Kumbe wananijua! Nimeshavikagua. Sanduku la kuviongozea lina vifungo kumi na viwili vya kupandisha na kushusha sauti, na fundi aliyepita, sijui mvivu gani, vyote kaviacha nusu. Nimevipandisha mpaka mwisho. Nikavitia gundi.