Ama Kidole, ama Mbuzi

Godson alikuwa amefika kichupa cha tisa. Aliokota kokoto, akalisugua kwa mswaki wa zamani, akalitumbukiza ndani, kisha akaandika lebo kwa mwandiko wa kuinama, maana aliamini madaktari wote huinamisha mwandiko: *Jiwe la figo. Mbuzi wa Mzee Bartolomeo, Endabash.* Kokoto la kumi lilikataa kupita kwenye shingo ya kichupa. Alilitazama kwa huzuni ya kitaalamu, akalitupa dirishani.

Tusimhukumu haraka. Wiki tatu nyuma, akiosha magari ya watalii hapo Karatu, aliona tangazo ukutani. Watafiti wangefika hospitali kuchunguza mawe ya figo na saratani ya tezi dume, wakitafuta wanaume waliovuka miaka hamsini. Bure kabisa. Lakini habari zilitangulia kwamba tezi dume hupimwa kwa kidole, na kwamba kidole hicho hakipitii mdomoni. Wengine waliona tangazo. Godson aliona soko.

Aliazima koti jeupe kwa muuza nyama, akalifua mara mbili, akapanga chumba nyuma ya duka la mbegu. Kisha akaenda Endabash kukutana na wazee, akawaambia ana miaka hamsini na mbili, ishirini kati ya hiyo akisoma Ujerumani.

"Njia za utafiti ni mbili," alisema. "Ya kwanza ni kidole."

Wazee walikaza mikanda.

"Na ya pili, daktari?" aliuliza Bartolomeo, mkulima wa vitunguu, ambaye kila usiku alitoka nje mara sita na kuambulia matone.

"Ya pili ni mbuzi. Ndafu wako anakunywa maji yale yale unayokunywa wewe. Kilicho kwenye figo lake ndicho kilicho kwenye lako. Tunampima yeye, wewe unabaki na suruali yako."

Hakuna aliyeuliza mbuzi aliyehasiwa anaweza kutoa ushahidi gani juu ya tezi dume. Watu walikuwa na furaha mno. Ndafu kumi na mmoja waliletwa uani kwa Godson, na Ijumaa saa mbili asubuhi gari la hoteli moja ya ukingoni mwa kreta lilikuwa lije kuwachukua. Leo, Alhamisi, wazee wangekuja kusikia majibu: kila mbuzi amekutwa na jiwe, kwa hiyo abaki kwa matibabu.

Mlango uligongwa. Aliingia Bernadina, mke wa Bartolomeo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndio wewe mwenye miaka hamsini na mbili?" Hakungoja jibu. Aliinua kichupa cha mumewe, akamimina kokoto kiganjani. "Hili nalijua."

"Haiwezekani, mama. Limetoka kwenye figo."

"Limetoka Endabash, kwenye korongo la chini ya kanisa. Nimechagua maharage maisha yangu yote. Makokoto haya mekundu yenye mstari mweupe ndiyo yaliyonivunja jino hili." Alimwonyesha pengo. "Maksai wetu wa kulimia alikufa kwa jiwe. Tulipompasua, lilisagika vidoleni kama chumvi ya mawe. Hili lako hata fisi halitafuni."

Godson alitazama mlango.

"Kaa, kijana. Sipigi yowe. Wazee watakuchapa fimbo, halafu? Mume wangu atarudi kwenye matone yake. Kaka yake alianza hivi hivi, tukamzika kabla ya mavuno ya pili. Nataka mume wangu apimwe kwa kidole."

"Si umwambie?"

"Nimemwambia miezi minane. Mimi si daktari. Wewe, Mungu atusamehe, ndiye daktari wake. Na uwapeleke wote hospitali. Peke yake haendi."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi wamepona."

Saa sita mchana Godson alisimama mbele ya wazee, vichupa kavificha chini ya kitanda.

"Utafiti umeonyesha kwamba mbuzi wote ni wazima," alisema. "Kwa hiyo kama kuna wagonjwa, ni ninyi."

Wazee walinung'unika. Hoja yenyewe ilikuwa ngumu kuipinga.

"Basi ni kidole?" aliuliza Bartolomeo.

"Ni kidole, mzee wangu."

"Haya. Atangulie daktari, tuone akitoka anatembeaje."

"Atangulie!" walisema wote.

Dokta Judith, mtafiti, alikuwa amekaa siku tatu hospitalini katika chumba kitupu. Alipoona wazee kumi na mmoja wakiingia nyuma ya koti la muuza nyama, alisimama hadi kiti kikaanguka.

"Ninyi wote? Karibuni! Tunapima waliovuka hamsini tu. Wewe kaka una miaka mingapi?"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo. Godson alikuwa na miaka thelathini na sita, na alihitaji kusema hivyo tu. Lakini wazee walijaa mlangoni, fimbo mkononi, wakisikiliza.

"Hamsini na mbili," alisema.

"Umejitunza," alisema Judith, akivaa glavu.

Godson alitoka akitembea kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa.

"Vipi?" aliuliza Bartolomeo.

Kupitia dirishani, Godson alimwona Bernadina akivusha barabara ndafu kumi na mmoja.

"Haiumi kama mnavyosema, mzee. Ingia," alijibu, na huo ulikuwa ukweli wake wa kwanza katika wiki tatu.

Bartolomeo alikaa ndani muda mrefu. Judith alipomtoa, alimshika mkono. "Kuna sehemu ngumu, baba. Kesho tunachukua kinyama kidogo tukipime. Nadhani tumewahi. Lakini ni kesho, si mwezi ujao. Njoo na mama."

Kufikia saa kumi na moja, wazee sita walikuwa wamepimwa.

"Na wewe," Judith alimwambia Godson, "mkojo uliotupa leo una damu kidogo. Huenda ni jiwe. Kesho saa mbili kamili tunakupiga altrasaundi. Njoo na mkojo wa asubuhi kwenye hiki."

Godson alipokea kichupa kitupu. Saa mbili gari la hoteli lingekuwa linapiga honi uani kwake.

"Utakuja, daktari?" aliuliza mmoja wa wazee watano waliobaki. "Maana bila wewe hatuingii."

"Nitakuja."

"Usipokuja, chumba chako tunakijua."

Mezani kwa Judith vilibaki vichupa vitano vitupu visivyo na majina. Nesi alivifunika kwa kitambaa, akafunga mlango.