Supu ya Chizuru na Randa Nisiyoisikia

Jumatatu, 9 Desemba
Noriaki kaomba bakuli la pili la supu! Mwanangu huyu nimemlisha miaka thelathini na moja, hajawahi kuniomba la pili. Supu yenyewe ya mkewe, Chizuru. Nimeionja. Inang'aa, harufu ya jodari mkavu imejaa nyumba nzima. Hapo ndipo nikashtuka. Mbona sijasikia randa? Jodari wetu ni mgumu kama gogo. Ukitaka supu sharti umpitishe kwenye kisanduku cha randa, kraa, kraa, mpaka maranda yatoke. Masikio yangu mazima. Sijasikia kitu. Basi ni unga wa paketi! Hapa Makurazaki, mji ambao hata nguo za kuanikwa zinanuka moshi wa samaki!

Na Noriaki anasema Mwaka Mpya huu nipumzike, supu apike Chizuru. Kupumzika! Leo supu, kesho mwiko wa wali. Mwiko ukishatoka mkononi, mama mkwe unakaa pembeni kama mgeni, unasubiri kupakuliwa.

Jumanne, 10 Desemba
Nimechora mstari wa penseli kwenye gogo la jodari. Akiliranda, mstari utakatika. Nimeshinda jikoni nachambua maharage. Jioni, supu tamu. Mstari upo! Nimemshika. Ila sijasema. Nataka ushahidi zaidi.

Jumatano, 11 Desemba
Siku ya taka. Nimefungua mfuko wetu pale njiani kutafuta paketi. Maganda ya figili tu. Bi Hisano, jirani, kanikuta nimeingia mpaka mabegani. Akauliza, Mama Noriaki, meno ya bandia yamekuponyoka tena? Nikaitikia kwa kichwa. Akainama kunisaidia kutafuta! Nusu saa nzima nimefumba mdomo, maana meno nilikuwa nimeyavaa.

Paketi hakuna. Maana yake anazificha. Mjanja yule.

Alhamisi, 12 Desemba
Chizuru kazini. Nikaamua nirande mwenyewe, jioni Noriaki aonje supu ya mama yake kisha aseme kweli. Haraka na wasiwasi, nikamtanguliza jodari mkia. Mkia! Hata watoto wa hapa wanajua ni kichwa kinachotangulia. Yote yametoka vumbi. Na mstari wangu nimeukata mwenyewe. Vumbi nikalitia kwenye chupa, nikaificha nyuma ya mchele.

Chizuru kaiona alipokwenda kupima mchele. Akaniuliza kwa upole, mbele ya mumewe, kama unga huu autumie. Noriaki alicheka mpaka akajishika mbavu. Mama! Wewe wa kununua unga wa paketi? Nikisema nimeranda mwenyewe, nimekiri mkia. Nikinyamaza, mtu wa paketi ni mimi. Nikasema ni chakula cha paka.

Hatuna paka.

Jumamosi, 14 Desemba
Kila asubuhi huenda makaburini kumbadilishia maua marehemu mume wangu. Leo nimetoka na maua, nikazunguka nyumba ya Bi Hisano, nikaingia uani kwetu kwa mlango wa nyuma. Kraa, kraa! Chizuru kakaa nyuma ya banda, kisanduku magotini, anaranda gogo lake mwenyewe, lile aliloletewa na mama yake siku ya harusi. Kichwa mbele. Maranda mapana, membamba, yanapitisha mwanga.

Nikasema, Aha!

Akaruka, akajikata kidole. Damu! Nikatupa maua, nikamfunga kwa leso yangu. Mtoto wa watu, jamani. Akaniomba radhi, yeye! Akasema huranda mimi nikiwa makaburini, kwa sababu nikisimama nyuma yake mikono inamcheza na samaki anatoka vumbi. Gogo la jikoni hajathubutu kuligusa, kwani ni la Mama.

Vumbi! Nilitaka kumwambia ukweli wa ile chupa. Badala yake nikainama kuokota maua.

Jumapili, 15 Desemba
Usingizi haukuja. Asubuhi nimemwita Chizuru mbele ya Noriaki. Nikamwambia supu ya Mwaka Mpya ni yake, na mwiko ndio huu. Kaupokea kwa mikono miwili, kainama, machozi yanamtoka. Na mimi yakanitoka. Noriaki akasema nyie wawili mtaitia chumvi hiyo supu kabla haijapikwa. Nikaahidi kwamba siku hiyo nitakaa sebuleni, sitasimama nyuma ya mtu. Chizuru akakataa. Hapana, Mama, kaa jikoni na mimi. Ila ukae mbele yangu, ninapokuona.

Nimefurahi mpaka nilipofika chumbani. Anapokuona? Kwa nini anataka kuniona? Anadhani nitafanya nini mimi? Msichana mpole vile, kumbe ana moyo wa shaka! Mtu gani huyo anayemshuku mama mkwe wake?

Kesho akienda kazini naanza na kabati lake.