Jogoo Wetu, Shilingi Kumi na Nne

Barasa na Koros, ndugu zangu wa Rongai,

Leo nimevuliwa nguo mbele ya kanisa zima. (Si nguo hasa. Nguo ningeokota nikavaa.) Nawaandikia mchana huu huu, hata chakula sijala, kwa sababu Hezroni anapanda treni kesho kuja huko kwenu kununua mahindi, na najua atakachowahadithia kabla hajatua mzigo. Bora mnisikie mimi kwanza.

Mnakumbuka nilipowatembelea mwezi uliopita, nikakaa pale nyuma ya ghala nikawafundisha bajeti jioni nzima? Koros alisinzia. Nikamwamsha nikaanza upya. Basi hiyo bajeti ndiyo iliyonifikisha hapa.

Deni lenyewe mnalijua. Mwaka jana Nafula wangu alipolazwa hospitali, nilikopa kwa Mzee Zakayo, yule mwenye duka hapa Bondeni. Unga, sukari, mafuta ya taa, blanketi. Ikafika shilingi mia moja arobaini na nane. Mzee akachukua cherehani ya mke wangu iwe rehani. Wala hakuificha. Aliiweka barazani kwake, akamkalisha fundi wake ashone nayo mchana kutwa. Mama Nafula akienda bombani lazima apite pale, na sauti ya cherehani yake anaijua. Hakuwahi kunilaumu kwa mdomo. Ila kila akirudi, lile debe la maji lilikuwa likishuka sakafuni kwa kishindo.

Ndipo nikaenda kwenye masomo ya jioni ya bajeti kule ukumbini, nikarudi nikiwa mtu mwingine. Nilinunua daftari. Nikapiga mistari: Kodi, Chakula, Karo, Deni, Mengineyo. Kila Jumamosi baada ya chakula nilisoma kwa sauti matumizi ya wiki, familia yote imekaa kimya. Siku moja nilimsimamisha Mama Nafula aeleze senti kumi za vitunguu. (Mbele ya watoto. Naandika haya yote ili mjue sikuonewa leo.)

Hata saa yetu ya kengele niliiuza. Hezroni aliichukua kwa shilingi kumi na mbili. Nikasema saa ya nini, na jogoo tunaye? Jogoo wetu huwika saa kumi na moja kamili, na pale kinuni ninakofanya ukarani ukichelewa mara tatu, kuna vijana ishirini langoni wanaosubiri kushika kalamu yako. Siku zote tangu niuze saa sijachelewa hata mara moja. Nilimsifu jogoo huyo kuliko nilivyowahi kumsifu mtu.

Sasa leo. Leo ilikuwa ni kulipa shilingi thelathini za mwisho. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika mkataba na Mzee Zakayo, kwa mwandiko wangu wa karani: cherehani itarudi siku senti ya mwisho itakapolipwa, si kabla, na hakuna kubembelezana. (Hayo maneno ya kubembelezana niliyaongeza mimi. Mzee hakuyaomba.) Mama Nafula alikuwa tayari amepokea kitambaa cha sare sita za shule, na wazazi wamemwachia vipimo. Alisema ataanza kushona leo jioni. Jana nilimwona anafuta vumbi mahali cherehani ilipokuwa ikikaa.

Mtu mwenye akili angeenda dukani jana akalipa. Mimi nilitaka kulipa leo baada ya ibada, uwanjani, watu wote wakiona. Tena nilizibadilisha zile noti ziwe shilingi moja moja, ili zikihesabiwa zichukue muda. Nikazifunga kwenye leso. Leso ikawa nzito inavuta mfuko chini.

Na leo ilikuwa Jumapili ya mavuno. Bajeti yangu ilisema hivi: sadaka ya mavuno, kuku mzee asiyetaga, pesa hakuna. Asubuhi nilikuwa napiga viatu rangi huku najifundisha hotuba ya kumaliza deni, Mama Nafula akaja mlangoni.

"Baba Nafula, ile kuku mzee..."

"Iko kwa kitabu."

"Najua iko kwa kitabu, lakini leo nimekuta..."

"Mama Nafula! Kitabu kimesema kuku. Peleka kuku. Usiniulize."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Sawa." Akachukua kikapu chenye kifuniko, akatangulia na watoto.

Kanisani kwetu wanaume hukaa kulia, wanawake kushoto. Nilikaa nyuma, karibu na ile nguzo ya katikati, leso mfukoni, moyo mweupe. Sadaka zikapelekwa mbele, zikaombewa, kisha mnada ukaanza. Hezroni ndiye muuzaji wetu kila mwaka kwa sababu ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Akauza maboga. Akauza viazi. Akauza chupa ya maziwa mara tatu, maana kila aliyeinunua aliirudisha mezani iuzwe tena. Tukacheka. Nilicheka na mimi, mjinga wa watu.

Halafu akafungua kikapu chetu.

Haukutoka ule mdomo wa kuku mzee. Ilitoka shingo nyekundu, na kile kilemba chenye pengo ambacho nakijua kama saini yangu. Jogoo wangu! Hezroni akamnyanyua juu kwa miguu, naye akapiga mabawa na kugeuza kichwa huku na huku, naapa alikuwa ananitafuta.

Kesho Jumatatu. Kesho nani ataniamsha? Na huwezi kusimama ukasema, "Samahani, huyo ni wangu, nirudishieni." Kitu kikishafika mezani kimeshakuwa cha Mungu. Ukikitaka, unakinunua kama mtu mwingine yeyote.

"Jogoo!" Hezroni akapaza. "Jogoo mwenye adabu! Nani atasema shilingi mbili?"

"Tatu," ikasema sauti kutoka kiti cha kwanza. Mzee Zakayo.

Nikahesabu upesi. Sokoni jogoo kama huyo ni shilingi nne, tano akiwa mnene. Nikitoa nne, deni linabaki na pengo la shilingi nne, na hizo nitamwomba Mzee anisubirie hadi Jumatano. (Mkataba wangu ulikuwa umeshaanza kunitoka kichwani.) Ila sikutaka anione nanunua kuku siku ya kumlipa. Basi nikajibana nyuma ya nguzo, nikainua kitabu cha nyimbo juu, mkono peke yake.

"Nne, kule nyuma!"

"Tano," akasema Mzee bila kugeuka. Yeye ni mtu mzima, shingo yake haigeuki kwa mambo madogo.

Kitabu juu. Sita.

"Saba."

Nikachungulia upande wa wanawake. Mama Nafula alikuwa ananitazama mimi, macho makubwa, anatikisa kichwa kwa nguvu. Nikamwelewa mara moja. Alikuwa anasema: usikubali, Baba Nafula, usimwache aende. Hapo nikapata nguvu. Nane!

"Tisa."

Mama Nafula akavua kitambaa cha kichwani akaanza kukipunga chini chini, magotini. Nikasema moyoni, mke wangu huyu, kumbe na yeye anampenda jogoo namna hii! Kumi!

Watu sasa wameamka. Watoto wamesimama juu ya viti. Hezroni anaruka ruka pale mbele na jogoo wangu mkononi. "Waungwana, kuna vita hapa! Mzee wetu mbele, na huko nyuma kuna mkono usio na mwenyewe! Kumi na moja?"

"Kumi na moja," akasema Mzee, na safari hii alikohoa kwanza.

Kumi na mbili. Bei ya saa yangu, mnaona? Hata mimi niliiona, nikapita.

"Kumi na tatu."

Kitabu juu. Kumi na nne.

Kanisa likatulia. Mzee Zakayo akasema, polepole, watu wote wakasikia: "Mwachieni. Mtu wa kutoa shilingi kumi na nne kwa jogoo hana deni la mtu duniani."

Makofi! Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. "Mnunuzi aje mbele!" Hezroni akaita. "Aje tumwone, tajiri wetu!"

Nilifikiria dirisha. Lakini madirisha ya kanisa letu yako juu na mimi nina tumbo. Nikatoka nyuma ya nguzo. Njia ya katikati ya kanisa ni hatua ishirini na mbili, leo nimezihesabu. Makofi yakapungua kadiri nilivyotembea. Nilipofika mezani hayakuwapo.

Nikafungua leso.

Ndugu zangu, shilingi moja moja! Ningekuwa na ile noti ya ishirini ningeiweka, ningepokea chenji, ningeondoka. Sasa nikawa nahesabu pale mbele, moja, kla, mbili, kla, na kanisa lote linanisaidia kuhesabu. Leso ilikuwa wazi. Mzee Zakayo alikuwa amekaa hatua mbili kutoka mezani. Aliitazama leso. Akanitazama mimi. Akavaa miwani akaitazama leso tena.

"Baba Nafula," akasema.

"Naam, Mzee."

"Hizo si ndizo shilingi thelathini zangu?"

Nilisema kitu. Sikumbuki nini. Hezroni anasema nilisema "Amina."

Mzee akashusha pumzi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Akasema, "Mke wako alinikuta pale mlangoni kabla ya ibada. Aliniambia kuku mzee amekutwa juu ya mayai kumi na moja aliyoyataga mafichoni, ameanza kuatamia, ndiyo maana amemleta jogoo, kuku pekee aliyebaki. Na kwamba ulikataa kuulizwa. Nikamwambia, mama, usijali. Nitamnunua mimi jogoo nimrudishe kwenu leo leo, iwe zawadi yangu, kwa vile mmemaliza deni kwa heshima."

Nikageuka upande wa wanawake. Mama Nafula alikuwa amejifunika uso wote kwa kile kitambaa cha kichwani. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anasema na kichwa chake wakati wote ule.

Kanisa lilianguka kwa kicheko. Kuna mama mmoja alitolewa nje kupunga upepo. Mchungaji aligeukia ukuta, mabega yanamtetemeka, nadhani alikuwa anaomba. Nafula wangu, binti niliyemkopea deni lenyewe, alicheka mpaka akapata kwikwi.

Nje, chini ya jua, nilimfuata Mzee na shilingi zangu kumi na sita zilizobaki. Nikamwambia, Mzee, pokea hizi, cherehani tuichukue leo, kumi na nne nitaleta mwisho wa mwezi. Mke wangu ana sare sita za watu.

Mzee akatia mkono ndani ya koti. Akatoa karatasi. Mwandiko wangu mzuri wa karani!

"Soma hapo mwisho," akasema.

Sikusoma. Najua kilichoandikwa hapo mwisho.

Mama Nafula alikuwa amesimama karibu na lango, kikapu mkononi, jogoo ndani. Alisikia yote. Nilitaka aniseme. Nilitaka anigombeze barabara nzima mpaka nyumbani, mimi mwenyewe ningemshukuru. Akamwambia Mzee tu, kwa sauti ya chini, kama anaweza kuja jioni fundi akiondoka, ashone pale pale barazani. Mzee akasema karibu, mama, hata leo mchana, Jumapili fundi hayupo. Yaani mke wangu ataomba ruhusa ya kushona kwa cherehani yake mwenyewe mwezi mzima, watu wakipita wakimwona, kwa sababu nilitaka shilingi zihesabiwe polepole. Niliona aibu hiyo kuwa kubwa kuliko ile ya kanisani, na nawaambia hivyo bila mzaha.

Tulirudi nyumbani kimya. Jogoo peke yake ndiye aliyezungumza. Aliwika pale kwenye kona ya soko, saa saba mchana, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Sasa hata saa zake zimevurugika.

Basi msicheke. Najua Hezroni atawaigizia nilivyoinua kitabu cha nyimbo. Koros, wewe hasa usicheke, ulilala somo lote na huna deni. Mkiweza kunikopesha saa ya kengele mpaka mwisho wa mwezi, mpeni huyo huyo Hezroni ailete. (Yangu amekataa kuniuzia tena. Anasema imepanda bei.)

Nilipoanza barua hii Mama Nafula alinijia na daftari la bajeti, akaomba kalamu. Nikampa. Nini tena ningesema? Hakutumia Chakula wala Mengineyo. Alichukua rula akapiga mstari mpya pembeni, akaandika juu yake, kwa herufi kubwa: KIBURI CHA BABA. Chini akaandika: Jogoo wetu, sh. 14.

Kisha akaenda dukani kushona. Nimelitazama daftari. Chini ya hiyo kumi na nne ameacha nafasi mpaka mwisho wa ukurasa.