Mtaa Utapenda Anime, Utake Usitake

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kitinda mimba wangu kapiga simu. Anakuja likizo Jumatano ya wiki ijayo! Kwa furaha nimeshona suruali ya mteja, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mteja hajaja kuichukua. Atazoea.

Nikamwuliza atarudi lini moja kwa moja. Akacheka. Huko ughaibuni kazi yake ni kuchora mawingu ya anime, zile katuni za Kijapani. Wenzake wanachora watu na farasi, yeye mawingu tu, kutwa kucha. Nikiwaeleza wateja, wananiuliza kama kesho itanyesha. Nchi yenyewe si Japani, ila anasema huko hata dereva wa basi anazijua anime kwa majina. "Baba, hapo nyumbani nikisema anime, watu wananiuliza inatibu nini. Nitaongea na nani?"

Basi! Ugonjwa umejulikana, dawa ipo. Mtoto harudi kwa sababu mtaa haupendi anime. Mtaa ukipenda, mtoto atarudi. Mimi niliyewavalisha watu suruali pana mwaka ambao kila mtu alitaka za kubana, nitashindwa na katuni?

Nimeapa kutomwambia mke wangu. Nimemwambia kabla chai haijapoa. Kasema mtoto alikuwa anatania. Mke mwema sana, ila mbinu hana.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Utafiti. Kwa nini huko wanazipenda na hapa hawazipendi? Nimefikiri na futi kamba shingoni mpaka pasi ikaunguza kola. Jibu nimelipata: baridi! Huko watu wamejifungia ndani, watafanya nini? Hapa jua linatutoa nje. Nadharia safi kabisa. Nimetamba nayo hadi mchana.

Mchana kaja shemeji, kaka wa mke wangu, dereva wa lori la masafa marefu. Kaniharibia. Kasema nchi jirani anakopeleka saruji joto ni la kukaanga yai barabarani, na bado kila kinyozi kachora ukutani vijana wa anime wenye nywele za miiba. Nchi inayofuata, ya milima na makoti mazito, hawana habari nazo. Nikamwuliza kwa nini sasa. Kasema yeye hubeba saruji, habebi majibu. Lakini atauliza. Kaondoka na mkate wangu.

Jioni mama mkwe kafika na fungu la mboga za majani. Kasikia nyumbani tuna shida ya anemia, upungufu wa damu. Kanifunua kope, kaniangalia jicho, kasikitika.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Onyesho la kwanza! Nimeazima runinga ya Mama Saluni, nikaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nimewaalika wateja wote ambao nguo zao ziko tayari. Sawa, hata wale ambao nguo zao haziko tayari. Wakajaa.

Tatizo: katuni inaongea Kijapani, na maandishi ya chini ni ya kigeni, yanapita kama mwizi. Mwalimu mstaafu kajitolea kusoma na kutafsiri. Anasoma vizuri mno. Kila sentensi anaikosoa kwanza. Alipomaliza kutafsiri salamu za yule kijana wa upanga, kijana alikuwa ameshazikwa.

Mlango wa pili yupo fundi mwenzangu. Tunamwita Njoo Kesho, maana ndilo jibu lake kwa kila mteja. Kasikia nina onyesho, kafungulia mpira kwa sauti ya juu. Goli! Wageni wangu wawili wakaomba kwenda haja. Goli la pili! Haja ikawashika wote. Mwalimu mwenyewe kaondoka katikati ya kitenzi.

Akabaki mama mkwe peke yake. Nikafarijika. Kumbe amelala.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kosa nimeliona. Watu hawapendi kitu mpaka wakione kimevaliwa. Mimi ni fundi nguo! Nimeshona joho jekundu la kola iliyosimama hadi masikioni, buti za kitambaa, na nywele za uzi wa buluu zilizosimama kwa gundi. Upanga nimeuazima. Ni mwiko wa ugali wa mke wangu, naye hajui safari yake.

Nikatembea barabara kuu kwa madaha. Umati! Watoto mbio nyuma yangu! Nikajua mambo yameiva. Mama mmoja kanisimamisha kwa heshima, kaomba sampuli ya bure. Kumbe wote wamenidhania tangazo la sabuni mpya ya choo. Nikamweleza anime. Kasema sawa, lakini inaondoa madoa?

Njoo Kesho katoka mlangoni, kanizunguka kama anayekagua ng'ombe. Kaniuliza naoa au nimefiwa. Halafu, msumari juu ya kidonda, kaisifu mishono ya kola. Kwa dhati. Sikujua nimchukie vipi.

Mke wangu kaniingiza kwa mlango wa nyuma. Kachukua mwiko wake, kauosha. Baadaye nikamwona kalivaa lile joho mbele ya kioo, anajigeuza. Nikajifanya sijaona.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Shemeji karudi na jibu! Kweli kauliza, kwa kinyozi, akinyolewa. Huko nchi jirani, kinyozi kamwambia, zamani runinga yao ilionyesha anime kila jioni watoto wakitoka shule. Na palikuwa na bwana mmoja mwenye sauti ya kukwaruza aliyezitafsiri kwa lugha yao ya mtaani, matusi madogo madogo humo humo. Watoto wale leo ni wazazi, na wamewarithisha watoto wao. Nchi ya milima hawakuonyeshwa, basi. Wao saa hiyo walionyeshwa kilimo cha kabichi. Leo hii ukiwatajia kabichi, kasema shemeji, macho yanawalegea.

"Shemeji," kaniambia, "mtu hupenda alichokua nacho. Huwezi kuwashonea watu utoto kwa wiki moja."

Maneno mazito. Nimeyapima, nikayakata, nikabaki na kipande kinachonifaa: sauti! Kinachokosekana ni mtu wa kutafsiri kwa lugha ya mtaani. Kijapani sijui. Ni kikwazo kidogo.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Ushindi! Ushindi!

Nimezima sauti ya runinga, nikasimama kando na kijiti cha kupimia, nikatafsiri mwenyewe. Kwa kuwa sikujua wanasema nini, nilitazama sura zao. Yule mzee mnene wa ndevu nimemfanya mfalme. Binti mwenye upanga nimemfanya mwanawe anayeondoka kwenda mbali. Nilianza na watu watatu na mbwa. Mama Saluni kaja kudai runinga yake, kakaa. Wateja wake wakaja na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

Binti akapanda farasi. Mfalme akabaki mlangoni, mdomo wazi. Nikasema kwa sauti yake: "Mwanangu, chakula changu siku hizi nakipika kingi kwa mazoea, halafu nakumbuka." Sijui nililitoa wapi neno hilo. Mama mkwe kaanza kulia. Mke wangu kageukia ukuta. Nikajaribu kuendelea, sauti ya mfalme ikagoma. Nikawaambia ni vumbi la vitambaa.

Kutazama mlangoni: Njoo Kesho! Mpira wake unajichezea peke yake mlango wa pili. Kaniuliza kama binti atarudi. Nikamwambia njoo kesho.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Kafika! Amekonda. Mama yake anasema amenenepa. Yote mawili ni kweli.

Kaja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, kunishtukiza. Kakuta duka limefurika, baba yake anapiga mayowe ya mfalme. Kasimama nyuma kabisa na sanduku lake mpaka nilipomwona na kuangusha kijiti. Nikawatangazia watu: huyu ndiye mchora mawingu! Makofi.

Yeye akasema, kwa upole, kwamba hii anime anaijua. "Baba, huyo si mfalme. Ni mpishi. Hapo wanagombania supu."

Minong'ono. Mwalimu mstaafu kasimama, kamwambia binti, kwa heshima zote, akae chini asiharibu hadithi. Njoo Kesho kaunga mkono. Wakanitaka niendelee na mfalme! Mwanangu kacheka mpaka kakalia sanduku, halafu nikaona hacheki tena, anafuta macho.

Watu walipotawanyika, katoka ndani alikokuwa na mama yake, kanishika mkono. Kasema mama yake kamsimulia yote, na joho kaonyeshwa. Kasema ule wa simu ulikuwa utani. Harudi huko kwa ajili ya madereva wa basi. Anaipenda kazi yake. Na kuna mtu. "Baba, hata mji mzima ungezipenda, ningerudi kazini. Lakini hakuna aliyewahi kunifanyia jambo kubwa na la kijinga kama hili."

Nikamwambia nimeelewa. Na nilielewa. Nilielewa jioni nzima. Tukala, tukacheka, mama mkwe akamfunua kope. Nikaahidi mbele ya wote: mbinu basi. Mtoto hashikwi kwa kamba. Anaagwa vizuri ili njia ya kurudi aipende.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Asubuhi tulivu. Tukanywa chai mimi na yeye. Nikamwuliza huyo mtu wake, juu juu tu, kama baba yeyote. Kasema ni kijana mpole, angependa kuja kutuona. Ila mapumziko yake yote, kasema huku anacheka, humalizikia kupanda milima, na hapa kwetu ni tambarare kama sinia. Angechoka kukaa.

Nikacheka naye. Nikamimina chai nyingine. Nikavaa viatu.

Mwisho wa barabara wanachimba mtaro mkubwa wa maji. Nimezungumza na mwenye tingatinga, mtu muungwana sana. Udongo wote ule anauondoa hivi hivi, hajui aumwage wapi. Nimemwonyesha kiwanja nyuma ya duka. Kaniuliza nautaka kimo gani.

Nikamwambia amwage tu, nitamwambia basi.