Chumba cha Mama Mkwe na Mlima Unaosukumwa

Kwa Bwana Mkuu wa Upimaji wa Viwanja,

Anayekuandikia ni fundi mwashi mwenye miaka ishirini na nane kazini. Nyumba zangu hazijawahi kuanguka isipokuwa moja, na hiyo aliiangusha mwenye nyumba kwa hasira.

Mpimaji wako amepiga alama nyekundu kwenye chumba nilichomjengea mama mkwe. Anadai kimeingia hatua tatu kwa jirani yangu, fundi cherehani, na kibomolewe ndani ya siku kumi na nne. Kikibomolewa, mama mkwe anahamia sebuleni kwangu. Naomba uelewe uzito wa jambo hili. Malalamiko yangu:

1. Mpimaji hajui miamba. Mpwa wangu anaisomea chuoni, na amenieleza kuwa mlima ulio nyuma ya nyumba zetu zamani ulikuwa tope chini ya bahari. Tope likajilundika tabaka juu ya tabaka mpaka likawa jiwe. Kisha vipande viwili vya ganda la dunia vikasukumana, matabaka yakakunjana kama mkeka, yakapanda juu. Mimi mwenyewe nimepasua jiwe huko nikakuta kombe la baharini, kubwa kama sufuria. Wenzangu wanasema lilikuwa kama kifungo, lakini hao hawakushika nyundo.

2. Vipande hivyo bado vinasukumana. Kama mlima mzima unasukumwa, chumba cha mama mkwe ni nani hata kikatae?

3. Jirani ananicheka mbele ya wateja: "Mjomba, chumba chako kina miguu?" Nikamjibu kina msingi, msingi uko juu ya ardhi, na ardhi ndiyo yenye miguu. Akatia pini mdomoni, akarudi kwenye cherehani. Huo nauhesabu ushindi wangu.

4. Kwa hiyo mshtakiwa ni mlima. Upigwe alama, upewe siku kumi na nne urudi baharini. Ukikaidi, jirani asogee hatua tatu, naye amsukume anayemfuata, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mtaa, kama dunia yenyewe inavyofanya.

Nisalimie makarani wote. Mpimaji pia, sina kinyongo naye, ila arudishe ngazi yangu.

Wako katika kazi ya mawe,
Fundi Mwashi, nyumba ya mwisho chini ya mlima

N.B. Mpwa amesoma barua kabla sijaifunga. Anasema vipande hivyo vinakwenda kwa mwendo wa kucha kuota, hatua tatu ni kama miaka sitini, na kiwanja cha jirani kinasogea pamoja na changu. Chumba nilikijenga Machi iliyopita. Basi iweke barua hii kwenye faili, uisome baada ya miaka sitini. Kwa sasa mama mkwe anauliza sebule ina madirisha mangapi.